Jambazi Aliyeagiza Chai

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa video umefungwa madirisha. Mkalimani wa filamu, ambaye mtaa mzima humwita Bingwa, anarudisha nyuma kipande kilekile kwa mara ya saba. Anakaa, anasimama, anakaa tena.

Kazi yake ni kuwatafsiria watazamaji filamu za kigeni papo hapo, kipaza sauti mkononi. Ameifanya miaka kumi na tisa. Filamu hii ya majambazi ndiyo iliyompa jina: watu mia na ishirini walibanana kwenye mabenchi, wengine wakachungulia mlangoni. Siku hizi wakifika ishirini ni sherehe. Mwenye ukumbi amempa Jumamosi hii tu. Usipojaa, anaugeuza ghala la saruji.

"Nimeirudia nikidhani nakutana na rafiki," anasema. "Kumbe ni butu! Magari yanazunguka, wanaume wananuna, basi."

Lakini si ubutu unaomkosesha raha. Enzi zile lugha ya filamu aliijua kwa kuungaunga, na alipokwama alitafsiri nyuso. Mkuu wa majambazi alipoinamisha kichwa mezani, Bingwa aliwaambia watu kwamba anamlilia mdogo wake aliyeuawa, na anaapa kuacha bunduki. Ukumbi mzima ulilia. Sasa ameiva katika lugha hiyo, na amesikia vizuri: yule bwana anaagiza chai, isiwe na sukari.

"Tena aliyemuua mdogo wake ni yeye mwenyewe!"

Mkewe, fundi cherehani, ameketi kando yake; siku ile watu walipolia alikuwa benchi la mbele, kabla hawajajuana. Anacheka hadi anajishika mbavu.

"Baba watoto, ina maana mimi nilililia chai?"

"Ulilia, mama. Kwikwi kabisa."

Kicheko kinamwisha. "Basi usininyang'anye machozi yangu."

Hapo ndipo penye tabu. Vijana wa leo lugha ile wanaijua; akirudia uongo wake watamzomea. Akisema kweli, hakuna filamu.

"Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu imefika miaka kumi na tisa," anatania.

Ameamua kukiri. Jumamosi, kikifika kipande hicho, atasimamisha picha.

"Nitawaambia: hapa anaagiza chai, mimi nilitaka alie. Halafu niwaulize, tumwache anywe, au alie?"

Anafuta jasho.

"Naomba Mungu wasiseme anywe."