Siku Niliyompiga Picha Bibi wa Mpingo

Nilitoka nyumbani Kinondoni Jumamosi ile kwa sababu moja: kazi ya mjomba Silvesta ilikuwa inaondoka. Mjomba ni mdogo wake mama, mchonga vinyago, na nyie ndugu zetu wa Newala mnamjua tangu akichonga miko ya ugali. Kila kinyago chake kizuri kimepakiwa kwenye gari kikaenda kwa watu tusiowajua, nasi tumebaki na picha za simu ambazo ukimwonyesha mtu anauliza, "Hili gogo liliungua?" Safari hii alikuwa amemchonga kwa mpingo bibi yetu, marehemu mama yao. Mnunuzi angetuma gari mchana. Nikasema hapana, huyu haondoki hivihivi.

Asubuhi, Kinondoni. Niliizungushia kamera yangu khanga nikaitia kwenye begi. Mie ni karani, na ofisini nilikuwaga ndiye mpiga picha wa simu; akiagwa mtu, naitwa. Kamera yenyewe nilifundishwa na Dada Zuhura, mwenye studio ya picha za pasipoti mtaani kwetu, jioni nikitoka kazini. Wiki za mwanzo alinipigisha picha ya sufuria moja nyeusi kwa masizi, ileile kila siku, mpaka nikamchukia yeye na sufuria yake.

"Simu inakuamulia," aliniambia. "Hii haikuamulii sana. Ukikosea, umekosea mwenyewe."

Maneno hayo yaliniudhi, halafu yakanikaa.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipofika Kiwalani kumchukua mama. Nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani kana kwamba tunakwenda harusini. Akaipokea kamera, akaipima uzito mkononi.

"Mh! Nzito hivi? Na kioo chenyewe kidogo."

"Unachungulia hapa, mama."

Akachungulia. Wakati huohuo ndege ikapita juu ya mabati kwa kishindo, maana pale ndege zinashuka kama zinataka kuondoka na antena. Mama akaruka, kisha akacheka kwa sauti. Nikaichukua kamera upesi, nikabonyeza akiwa bado anacheka. Tukaitazama picha pamoja: pengo lake, mikunjo ya macho yake, na ukuta nyuma umefifia kama ukungu.

"Kumbe mie mzuri," akasema, akapanda bajaji iliyonileta bila kunisubiri.

Kinyerezi. Tulipita mitambo ya umeme wa gesi na minara yake ya nyaya, tukakata kuingia barabara ya vumbi mpaka kwa mjomba. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la bati analochongea, anakipitishia kinyago cha bibi msasa wa mwisho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ndiyo mashine hiyo?"

Niliweka begi chini, nikakitazama kinyago. Bibi amekaa chini kabisa, magoti ameyakunja, na mgongoni na mabegani mwake wanapanda watoto, wajukuu na vitukuu, kila mmoja amemshika mwenziwe. Mama alizunguka akitafuta, akasimama penye bega la kushoto.

"Huyu mie?"

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Mama akageukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nikapiga. Picha ikatoka ya kijivu, bibi kama amepakwa majivu. Nikawasha flashi, mpingo ukang'aa, nyuso zote zikapotea. Nikarudia, kijivu tena. Mjomba alikitazama kioo cha kamera, akarudia msasa wake, na hilo likaniuma kuliko angenicheka. Jasho linanitoka, mara nje ikasikika honi. Kirikuu ya mnunuzi, kigari kidogo cha mizigo, imefika mapema.

Dereva akaingia, mtu mzima, funguo mkononi. "Mzee, tupakie. Ishu yangu ni muda tu, nina mzigo mwingine Tegeta."

Mjomba akaweka msasa chini. "Subiri, braza. Mpiga picha hajamaliza."

Mpiga picha. Hakusema mpwa wangu, hakusema huyu binti. Mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Hapo ndipo ile sufuria ilipojilipa. Kamera ina huruma ya kijinga: ikiona kitu cheusi inadhani kimekaa gizani, basi inakiongezea mwanga hadi kinapauka. Nikazima flashi, nikazungusha kitufe cha kamera kuipunguzia mwanga mwenyewe. Nikawaomba mjomba na dereva wamsogeze bibi ukingoni mwa banda, jua limpige kwa ubavuni. Mama akaleta shuka jeupe, akalitanda upande wa pili ili mwanga umrudie bibi usoni.

"Juu kidogo, mama. Hapohapo."

Nikaegemeza kamera juu ya kigoda isitikisike, nikabana pumzi.

Ikatoka! Mpingo mweusi tii, na juu ya weusi ule uzi mwembamba wa mwanga ukifuata kila shavu na kila kidole, hata mikato ya patasi kwenye nywele za bibi. Dereva akainama juu ya kioo.

"Aisee, mpaka kucha! Sista, mgongoni hujapiga. Piga, mie nasubiri."

Nikapiga pande zote. Kisha wakamfunga bibi kwa mablanketi, wakampakia. Mjomba alilifuata gari kwa miguu mpaka barabara kubwa, akarudi polepole.

Jioni, njiani kurudi, mama aliipakata kamera. "Penye mashimo pita taratibu, baba," akamwambia mwenye bajaji, "humu kuna familia." Mie nilitazama nje nikitabasamu peke yangu. Nilidhani najifunza mashine. Kumbe nilikuwa najifunza kukiangalia kitu mpaka nikione kilivyo, badala ya kukubali ninachopewa.

Jumapili iliyofuata tulirudi Kinyerezi na picha, Dada Zuhura ameichapisha kubwa. Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, shavuni kwa bibi, kama anatafuta mahali msasa haujafika. Hakupata. Akaigeuza nyuma.

"Jina lako liko wapi?"

"La nini, mjomba? Kazi ni yako."

"Kinyago ni changu, jina langu nimelichonga chini yake. Hii ni yako. Andika."

Akatoa penseli sikioni, akanipa. Nikaandika jina langu lote, kwa herufi kubwa.