Wifi Alinikumbatia Mbele ya Kanisa Zima, Akaninong'oneza Neno Moja

Naomba jina langu lisionekane, maana kijiji chetu ni kidogo na humu kwenye ukurasa wamo watu ninaosali nao. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa huku milimani Same, Upareni kusini. Tunalima tangawizi na maharage. Nina ujauzito wa miezi mitano, na badala ya kufurahi naamka na hofu.

Nilipoolewa nilimkuta wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, amerudi nyumbani baada ya kuachika. Ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kwenye kwaya ya usharika. Mimi nilijiunga kama mwanakwaya wa kawaida tu, lakini baada ya muda mwalimu wa kwaya akaanza kunipa mimi sehemu za kuimba peke yangu. Sikuziomba. Tangu hapo wifi hakuniitikia tena salamu vizuri. Tulikaa miaka mingi bila mtoto, na yeye hakuniacha nisahau. Tunapika makande, wageni wapo, ananiambia, "Wewe pakua kidogo, kwako hamna wa kula." Mama mkwe anacheka. Na mimi nacheka, kisha naenda kulilia shambani.

Nilishauriwa kwenda kwa mganga, nikakataa. Nilifunga na kuomba, na mwishowe nikajifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumshukuru Mungu nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia huku nalia. Watu wote walisimama. Wifi peke yake alibaki amekaa, anachezea pindo la kitenge chake.

Mwanangu aliugua kifua kabla hajaanza kutambaa. Ilikuwa masika, barabara ya kushuka imekatika, gari halipiti. Mume wangu alimbeba tukashuka kwa miguu kutafuta hospitali. Mtoto alikata roho njiani mikononi mwake, naye akaendelea kutembea vile vile kwa sababu aliogopa kuniambia.

Siku ya mazishi wifi alikuja kukaa na mimi kwenye mkeka. Nilidhani amekuja kunifariji. Akasema, wanawake wote wanasikia, "Huyo Mungu uliyemtangazia kanisa zima, mbona leo hajaja?" Mama mmoja alinyanyuka akaenda kuangalia sufuria.

Halafu yakaanza maneno. Kwamba mtoto nilimpata kwa mganga huko tambarare, na aliyenipa amekuja kuchukua chake. Wazee wa kanisa wakaniita. Mmoja ambaye nimekuwa nikimwamkia shikamoo tangu niolewe aliniuliza, "Mama, tuambie ukweli, ulikwenda?" Nikawaambia sijakwenda, Mungu ni shahidi. Wakatazamana. Wakasema nipumzike kwaya kwanza mpaka maneno yapoe. Jumapili iliyofuata wifi alikuwa amesimama pale nilipokuwa nasimama, anaimba wimbo wangu. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, na mwanamke niliyekaa karibu naye akamsogeza mtoto wake upande wa pili.

Mume wangu hakuyumba. Mama yake alimletea binti wa watu nyumbani, eti amsaidie kazi, mume wangu akamrudisha kwao siku ile ile. Akaniambia, "Tuhamie Bendera kule tambarare, nitakodi shamba. Hawa watu hawatakuacha." Nilikataa. Nilijua tukiondoka watasema nimekimbia aibu, na hapa ndipo lilipo kaburi la mwanangu. Niliendelea kusali benchi la nyuma. Kuna siku nilikuwa naomba bila kuamini hata neno moja, ila niliomba.

Mimba hii ilipoanza kuonekana, mchungaji wetu alituita mimi na wifi tupatane. Ni mgeni hapa na ana nia njema. Ibadani akatusimamisha mbele. Wifi akalia, akapiga magoti, akasema nimsamehe kwa yote aliyonikosea. Kanisa zima likapiga makofi. Akainuka akanikumbatia kwa nguvu, mdomo wake ukafika sikioni kwangu, akasema taratibu, "Na huyu hutamlea." Kisha akanifuta machozi kwa kanga yake.

Nimemwambia mume wangu, ameniamini, lakini mama yake anasema nimechanganyikiwa kwa msiba. Nilimwendea mchungaji. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mama, kanisa zima lilimwona akitubu. Wewe moyo wako umekuwa mgumu. Ukishindwa kumsamehe, usikaribie meza ya Bwana." Sasa wifi ndiye kiongozi wa maombi ya wanawake, na wiki ijayo zamu ya maombi ni nyumbani kwangu. Ametangaza kwamba ataniwekea mikono tumboni aniombee. Nikikataa, watasema ni yule yule mwenye mambo ya waganga, anaogopa maombi.

Mungu sijamwacha. Ila nikisali Sala ya Bwana, nikifika pale pa kusamehe, naruka, naanza tena mbele. Mtoto ameanza kucheza tumboni. Nampenda na nimekataa kumpa jina.

Ndugu zangu, na hasa nyie mnaomjua Mungu kuliko mimi: nimfungulie mlango aniwekee mikono ili nibaki kanisani, au nimfungie na nipoteze watu wote? Na mtu anayekuomba msamaha kwa sauti, huku anakulaani kwa kunong'ona, anasamehewaje? Naomba ushauri wenu, tafadhali msinitukane.