Dume la Pazhou

Mwavuli wangu mweupe nilipewa na dada mmoja mfanyabiashara wa Mwanza. Naye alipewa kama sampuli kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road, huko Guangzhou, akaukataa kwa sababu mwavuli mweupe hauuziki kwetu, ukinyeshewa mara mbili tu unafanana na dekio. Hakujua kwamba mimi niliutaka niugeuze juu chini, niushike chini ya tawi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili nilichape tawi kwa fimbo. Hivyo ndivyo wanavyotafutwa buibui warukao. Tawi likitikisika wanaanguka kwenye kitambaa cheupe, nawe unawawahi kwa kichupa kabla hawajaruka.

Siku aliyonifuma nikifanya hivyo kwenye mti wa barabarani Sanyuanli, karibu na chumba chake, alicheka mpaka akaketi juu ya robota lake la nguo.

"Mdogo wangu, serikali imekulipia ndege uje kuchapa miti?"

"Ndiyo, dada. Na cheti watanipa."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Nilikuwa Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, na kazi ya idara yetu ilikuwa kuandika kila aina ya buibui warukao inaishi wapi, kuanzia kusini mwa China kushuka hadi nchi za joto za Asia. Mimi, mtoto wa Unguja, nilipewa mji wenyewe na viunga vyake. Mji ule ulikuwa unapanda juu kila ukipepesa macho. Niliandika buibui wa ukuta fulani, nikirudi ukuta haupo.

Bibi yangu alinilea kwa amri moja kuhusu wadudu: buibui hauawi, kwa heshima ya yule aliyefuma utando mlangoni mwa pango na kumsitiri Mtume. Nilipopata ufadhili nilimtuliza kwa hoja yangu. Hawa wangu hawafumi utando wa kutegea, nilimwambia, wao huwinda kwa macho. Bibi akanitazama. "Basi wewe ndiye uliyekaa na buibui wote ukawauliza?" Tukacheka, lakini ruhusa hakunipa. Alifariki mwaka wangu wa kwanza, na sikuwahi mazishi.

Vuli iliyofuata nilimpata jike mmoja kwenye bustani ya milichi huko Pazhou, nyuma ya kumbi kubwa za maonyesho ya biashara. Milichi ni ndugu wa mishokishoki ya kwetu, na huenda ndiyo sababu nilipenda kukaa pale. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, mweusi, na mstari wa kijani kwenye paji la uso. Alianguka kwenye mwavuli, akageuka, akanikazia macho. Wenzake wote hufanya hivyo, lakini huyu nilimwona kama ananiuliza nimefuata nini. Nikamtia kwenye spiriti. Kazi hii ina ukatili wake wa kijinga: ili uandike kwamba kiumbe anaishi mahali, lazima kwanza umuue.

Profesa wangu alimtazama kwenye hadubini kwa muda mrefu, akavua miwani, akamtazama tena.

"Huyu sijawahi kumwona," alisema. "Lakini majike ya jamii hii yanafanana. Niletee dume. Madume hupevuka mwezi wa nne."

Kanuni ndiyo hiyo, bila dume hakuna spishi mpya. Na ufadhili wangu ulikuwa unaisha mwezi wa sita, kwa hiyo mwezi wa nne niliobakiwa nao ulikuwa mmoja tu. Dume likipatikana, mimi ndiye ningempa jina, na jina nilishalichagua: la bibi. Baridi nzima nilikuwa nalitamka peke yangu nikiosha vyombo. Nilitaka aliyekataza kuua buibui aishi ndani ya buibui. Sikuwa na njia nyingine ya kumzika.

Mwezi wa nne maonyesho yakafunguliwa, na dada akaniomba nimtafsirie. Nilikubali haraka, maana bustani ilikuwa pale pale nyuma, na mwavuli niliutia kwenye mkoba. Asubuhi ile tuliingia jengo moja jipya lililonukia rangi, mahali pa wauzaji waliokosa nafasi kwenye kumbi kubwa. Dada alisimama kwenye meza ya majani na maua ya plastiki. Matawi mazima yalining'inia, ya kijani kibichi, yasiyokauka maisha.

"Laoban, tai gui le!" alimpigia kelele tajiri wa meza, Kichina chake chote kikiwa ni hicho cha kulalamikia bei. Kisha akanigeukia. "Mwambie kwetu harusi haziishi. Akishusha, nachukua kontena."

Nilitafsiri. Walipoanza kubishana kwa vidole na kikokotoo, nikasogea dirishani kupumua.

Mnara wa kale wa Pazhou ulikuwa mbele yangu. Mahali pa buibui huandikwa kwa alama zisizohama, na mimi bustani yangu niliiandika kwa mnara ule, jinsi ulivyoonekana juu ya kona ya mfereji kutoka kwenye milichi. Kona ya mfereji ilikuwa pale pale. Mnara ulikuwa juu yake, kama nilivyouandika. Nilikuwa nimesimama kwenye bustani.

Nilimwuliza mlinzi wa mlangoni milichi imekwenda wapi.

"Mei you," alisema. Ndilo neno la kwanza ambalo kila mgeni hujifunza madukani: hakuna.

Nilitoka nikaingia mvuani. Nje walikuwa wamepanda michikichi iliyoletwa na lori, imeegemezwa kwa magongo kama wagonjwa. Nikafungua mwavuli, nikaugeuza, nikaichapa yote huku watu wenye beji shingoni wakinipiga picha. Ilidondosha maji na vumbi la saruji. Dada alikuja akanishika mkono.

"Acha, mdogo wangu. China kubwa, utampata mwingine."

Niliuvuta mkono wangu kwa hasira, na hasira ile haikumhusu yeye. Mpaka ndege yangu inaondoka nilichapa kila mlichi niliofikia kwa treni na kwa miguu. Hakuwepo. Profesa aliandika: jike mmoja, spishi haijulikani, anaishi Pazhou. Nilimwambia bustani haipo tena. Akasema kwa upole kwamba sisi tunaandika alipopatikana, hayo mengine si kazi yetu. Nilimchukia kwa upole ule.

Miaka michache baadaye, Unguja, binti wa kaka yangu aliolewa. Ukumbi ulipambwa kwa matawi ya plastiki kutoka Kariakoo, na niliyatambua hata kabla sijaketi. Wanawake walipoinuka kumpokea bibi harusi, mimi nilibaki nyuma. Nikatandaza mtandio wangu mweupe chini ya tawi, nikalichapa kwa kiganja.

Lilianguka vumbi. Nililitazama hadi mwisho, kama lingeweza kugeuka na kunitazama.