Mchawi Niliyempa Kaburi

Hadi leo nikinusa moshi wa jenereta, miguu inaanza kunicheza chini ya meza. Nawaambia ninyi tu: harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani Jumamosi usiku, msichana wa miaka tisa, hadi kwenye banda la video la mtaa wa Nyasho.

Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, na mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Mukendo alikuwa ameleta deki ya video. Picha zilikuwa za kutisha, kwa lugha ambayo hatukuijua. Basi sauti ilizimwa, na kijana tuliyemwita Kaburi, uso kaupaka unga wa muhogo, akasimama kando ya televisheni kutusimulia. Alikuwa mwongo hodari. Kila mzimu alimpa makazi: huyu wa Bunda, yule wa Butiama, nasi tukacheka huku tumeshikana mikono.

Mtoto asiye na kiingilio aliingia kwa habari. "Nipe mtu mnayemwonaga kila siku," Kaburi aliniambia mlangoni. "Nikimweka kwenye picha watatetemeka."

Nilitaka benchi la mbele kwa kufa na kupona. "Bibi yangu ana macho mekundu," nikasema. "Usiku anaongeaga peke yake."

Bibi alikuwa akibanika samaki uani tangu alfajiri, moshi ukimuumiza macho, na usiku alikuwa akisali. Hayo sikuyasema.

Mchawi wa kwenye picha alipotokea, Kaburi, aliyemjua bibi kwa samaki aliowauza, akamhamishia mtaani kwetu, na macho mekundu na samaki wake. Banda zima likapiga kelele. Nami nilipiga, tena kwa fahari.

Kesho yake hakuna aliyenunua samaki wa bibi. Baada ya siku chache mawe yakaanza kutua kwenye bati letu, na baba akaacha kulala. Alijua vikongwe wa macho kama yale wanavyouawa. Akaamua bibi arudi kijijini, Mugeta.

Asubuhi ya safari bibi alinishika kidevu. "Mjukuu wangu, watu wa hapa nimewakosea nini?"

"Sijui, bibi."

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba hofu watu walikuwa nayo tayari; walikosa mtu wa kumbebesha, nami nikawapa. Najionea aibu hadi sasa. Kila mavuno bibi alitutumia viazi vikavu na barua, akiomba tumwombee radhi kwa majirani. Barua hizo nilizisoma mimi, kwa sauti, mbele ya baba.