Nusu ya Unene wa Karatasi

Jamani, Glenys Rudge! Miaka thelathini na moja anajenga injini kwenye gereji nyuma ya nyumba yake pale Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide, Australia, na haijawahi kumrudia hata moja. Muulize yeyote. Sasa mtu kama huyo anafungua injini ya mdogo wake mwenyewe, Trev, anaketi sakafuni juu ya oili. Hadi leo siamini.

Trev alitaka turbo, ile ya kuiongezea injini nguvu, kwenye sedani yake ya silinda sita, gari la kwendea kazini na kumpeleka binti yake Tahlia shule. Glenys akachagua pistoni za kufuliwa kama jembe la mhunzi, ngumu kweli, lakini zikipata moto hutanuka kuliko za kawaida, na turbo ni moto juu ya moto. Basi kati ya pistoni na ukuta wa silinda akaacha nafasi ya karatasi moja ya daftari. Ndivyo inavyotakiwa. Ubaya wake, asubuhi ya baridi pistoni zinagonga mpaka zipate moto. Dakika tano hivi, kisha kimya.

Shida ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi wenye magari hukutana nje ya duka la mikate, pai ya nyama mkononi, wanafungua boneti na kuwasha injini zikiwa baridi ili kila mtu asikilize ya mwenzake. Injini ya Trev ikawaka: ka-ka-ka-ka!

"Trev, dada yako kakujengea injini au kakutilia vijiko kwenye sufuria?" akauliza Warren, fundi aliyefanya kazi na Glenys tangu enzi za kiwanda cha magari.

Watu wakafa kwa kicheko.

"Glen, nunua miwani, bibi wee! Umri huo!" mwingine akadakia.

Glenys alicheka nao, lakini lilimchoma. Wiki nzima hakula vizuri. Kisha akamwambia Trev aache gari. Akachonga bloki nyingine, akaibana ile nafasi hadi nusu ya karatasi. Alijua anachofanya, mkono wake unapima kabla ya kifaa. Trev alipouliza, akajibu tu, "Nimeirekebisha." Jumamosi iliyofuata injini ikawaka kimya, Warren akabaki mdomo wazi, na Glenys akala pai mbili.

Februari, joto nyuzi arobaini na moja. Walikuwa wanakwenda Mount Barker kwa mama yao, Trev kwenye usukani, Glenys pembeni, Tahlia wa miaka tisa nyuma. Kwenye mlima Trev akakanyaga mafuta kulipita lori. Injini ikakamata, pistoni zikanasa! Hivi hivi, bila onyo. Magurudumu ya nyuma yakaganda, gari likageuka ubavu mbele ya lile lori, na dirisha la nyuma likajaa bampa lake. Dereva wa lori alikata kona akawapita, sijui hata kwa nafasi gani, honi ikiwalilia.

Gari likasimama pembeni ya barabara. Kisha sauti ndogo kutoka nyuma: "Shangazi, tumekufa?"

Kesho yake ndipo Glenys akafungua injini. Pistoni zilikuwa zimechubuka, chuma kimejipaka kwenye kuta za silinda. Bado yuko pale sakafuni, Trev akaingia, macho mekundu.

"Nisamehe, dada. Nimeiua injini yako. Nilikanyaga mno kwenye lile joto. Mimi baba gani?"

Angeweza kunyamaza. Wallahi, angenyamaza, na hakuna mtu duniani angejua.

"Hukuiua wewe," akasema. "Mara ya kwanza niliijenga sawa. Ile kelele ndiyo ilikuwa uzima wake. Nikaibana."

"Ulikosea kipimo?"

"Sikukosea. Nilijua haitakiwi."

Trev akamkodolea macho. "Ulijua? Sasa kwa nini, Glen?"

Glenys akatafuta sababu kubwa, inayolingana na lile lori. Hakuipata.

"Warren alinicheka."

Trev akaitazama gereji kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Warren alikucheka," akarudia polepole. "Na mwanangu ukamwacha akae nyuma."