Nkwabi Hakuwa Kibarua

Makoye aliipata leseni ya kuezeka mapaa mjini Kahama baada ya kusumbuliwa na boma, ofisi ya serikali, miaka miwili. Mara karani hayupo, mara aulizwe kama anajua kutumia rula, yeye aliyepanda mapaa tangu hajaota ndevu! Mwisho wakataka alete na karatasi ya bima, ili kibarua wake akianguka kazini kampuni imlipe. Akauza ng'ombe wawili, akaileta. Leseni akaihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, na kila mgeni alifunguliwa kopo aione.

Duka la mtaa wa Nyasubi ndilo lililomponza. Mvua za mwaka ule wa 1954 ziliwahi, mwenye duka akapiga kelele kwamba mpunga wake utaoza, na vibarua wanne hawakutosha. Makoye akafanya kama baba yake alivyofanya siku zote: akamwambia mkewe atoe pombe, akawaita majirani. Wakaja, wakapandisha mabati kwa nyimbo. Nani angekumbuka bima katikati ya nyimbo? Nkwabi, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe pamoja, akakanyaga mbao iliyooza. Alianguka chali juu ya mawe, na tangu hapo hakuihisi tena miguu yake. Daktari wa Shinyanga alimweleza Makoye kwamba haitapona. Mgonjwa mwenyewe hakuna aliyethubutu kumwambia.

Wiki ya tatu wakala wa bima akafika kutoka Mwanza, akampakia Makoye garini kwenda hospitali. Njia nzima Makoye aliapa kwamba Nkwabi alikuwa kibarua wake wa mshahara. Ulikuwa uongo mkavu. Lakini alikuwa ameshamtuma Scolastika, mke wa Nkwabi: "Shemeji, mwambie akubali kwamba nilimwajiri. Neno hilo tu, watoto watakula."

Walipoingia wodini Scolastika aliinamisha kichwa. Makoye akajua papo hapo kwamba hakumwambia. Angemwambiaje mumewe ajiite mtu wa kukodiwa na Makoye?

"Huyu ndiye tajiri wako?" aliuliza wakala.

"Tajiri?" Nkwabi akacheka, akidhani anataniwa. "Huyu ni Makoye."

"Alikuwa anakulipa kiasi gani kwa wiki?"

Cheko likakatika. "Anilipe? Nyumba yangu aliiezeka nani, bwana? Mama yake alipokufa, kaburi alichimba nani?"

"Nkwabi, nilikuwa nakulipa," alisema Makoye. "Sema hivyo. Nakuomba, ndugu yangu, kwa ajili ya watoto."

Nkwabi akamtazama, akaona jinsi alivyolowa jasho, akaelewa anavyojua yeye: huyu bwana wa daftari amekuja kumfunga Makoye kwa kutolipa watu.

"Nduhu!" akakataa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Bwana, usimfunge. Hakunilipa hata senti, na mimi simdai. Nilikwenda kumsaidia, nikanywa pombe yake. Waulize majirani wote!"

Wakala akafunga daftari. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. Kampuni hailipi jirani aliyekuja kusaidia. Na boma litaarifiwa kwamba mwenye leseni amesema uongo. Akavaa kofia yake, akatoka.

Scolastika alikaa sakafuni, akajifunika khanga usoni. Makoye alitamani kupiga yowe. Alitamani kumzaba Nkwabi kofi, kisha amkumbatie, na hakuweza lolote kati ya hayo. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, cha kwake na cha mwenzake.

Nkwabi ndiye peke yake aliyekuwa na furaha mle wodini. Akaushika mkono wa rafiki yake.

"Umeona? Amekwenda zake. Sasa acha kuogopa. Nikitoka hapa nakuja tumalizie ule upande wa nyuma."

"Haya," alisema Makoye. "Nitakungoja."