Mgongo wa Dada Pole

Walimwita Dada Pole kwa sababu hakumgusa mtu kabla ya kusema, "Pole, nakugeuza." Alikuwa mhudumu katika kituo cha watu wenye ulemavu. Kwa miaka sita alimhudumia Fundi, mtu wa makamo aliyekuwa akitengeneza redio mpaka alipoanguka kutoka juu ya paa akifunga antena, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Ulimi ndio uliobaki mzima, na Fundi aliufanyisha kazi ya viungo vyote.

Mwaka huo mgongo ukaanza kumsumbua Dada Pole. Kumtoa Fundi kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu ni kazi ya watu wawili, lakini wenzake walikuwa wameacha kazi mmoja mmoja, akabaki kumbeba peke yake. Alikuwa akimeza dawa za maumivu chooni kwa kujificha, kisha anarudi akitabasamu. Wifi yake akamtafutia nafasi ya kukaa kaunta kwenye duka la vitambaa. Akaandika barua ya kuacha kazi, akaitia kwenye mfuko wa sare.

Hakutaka Fundi azisikie habari hizo kwa watu. Asubuhi, akimnyoa ndevu, akamwambia.

Fundi alimwacha amalize shavu la pili. "Kabla yako walipita tisa," alisema. "Kila mmoja nilimfundisha upya namna ya kuninywesha maji nisipaliwe. Sikulaumu. Ila niambie ukweli, umenichoka?"

"Hapana, Fundi. Ni mgongo."

"Umemwambia nani?"

Dada Pole alisuuza wembe; hakuwa amemwambia mtu. Mhudumu akilalamika mgongo, husemwa kazi imemshinda.

"Basi niitie msimamizi," alisema Fundi. "Mimi hata wakitaka kunifukuza, itabidi wanibebe."

Msimamizi, mama wa maneno machache, alimsikiliza Fundi akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaja kuketi ukingoni mwa kitanda. "Hata mimi niliacha kuinua watu kwa sababu ya mgongo," alisema. "Nilipaswa kuliona hili. Nisamehe." Akakumbuka kwamba stoo kulikuwa na mashine ya kuinulia watu, ndani ya boksi lake tangu mwaka juzi, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuitumia.

Dada Pole alipewa likizo ya wiki tatu, akatibiwa. Aliporudi, mashine ilikuwa imeshatolewa kwenye boksi na kuunganishwa, na mwenzake wa zamu alikuwa mpishi mcheshi aliyeomba kuhamishwa kutoka jikoni na kupewa mafunzo. Wakambonyezea kitufe. Fundi akaning'inia hewani ndani ya turubai la mashine, akiyumba.

"Sasa nimekuwa shehena," alisema. "Angalieni tu msije mkanipakia melini."

Walicheka mpaka mpishi akaegemea ukuta. Dada Pole alijishika kiuno, akasubiri maumivu. Hayakuja. Machozi yakamtoka, akajifanya anafungua dirisha.

Barua aliichana siku hiyohiyo. Wifi yake alimnunia wiki nzima, halafu akachoka mwenyewe.

Siku hizi Dada Pole ndiye anayewapokea wahudumu wapya. Wapo bado wanaoacha. Kazi ni ngumu, naye hawafichi wageni hilo. Lakini wanne walioingia mwaka jana wapo wote. Kila Ijumaa huwakalisha pamoja na kumuuliza kila mmoja panapomuuma, na hakuna anayeruhusiwa kujibu "sijambo".